Nauli isiyotumika: kwa mnaoanza kazi ya mama na mtoto Pemba

Mwezi huu nimeona mambo matatu ambayo nilidhani tulishayazika. Katika stoo ya kituo kimoja cha afya nimekuta maboksi ya maziwa ya kopo, yaliyoletwa na jamaa zetu wa ughaibuni, yamepangwa vizuri chini ya bango linalowahimiza akina mama kunyonyesha. Katika ukumbi wa hospitali moja nimekuta mashine ya oksijeni ambayo plagi yake haiingii kwenye soketi yoyote ya kisiwa hiki. Na juzi kijana mmoja wa timu yetu, hodari na mwenye adabu, ameniletea kwa furaha fomu mpya ya kuwarejeshea akina mama nauli, ambayo safari hii inajazwa kwenye simu. Hilo la tatu ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu fomu hiyo naijua vyema: niliwahi kuitunga mimi mwenyewe, ila yangu ilikuwa ya karatasi.

Kliniki mnaijua, rejesta mnaijua, na kadi za wajawazito mnazisoma haraka kuliko mimi ninayehangaika kutafuta miwani, kwa hiyo sitawasomesha dalili za hatari wala mpango wa kujifungua. Nitasema yale ambayo semina haziyagusi.

1. Maziwa ya kopo hayapokelewi. Kila asubuhi mnasimama mbele ya benchi na kusema kwamba mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa na asipewe chochote kingine hadi atimize miezi 6, kisha mama huyo huyo anamwona nesi akitoka stoo na kopo mkononi; msitarajie kwamba atakachokumbuka ni maneno yenu. Baraza la Afya Duniani lilipitisha mwaka 1981 kanuni ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, na miaka iliyofuata likasisitiza kwamba visigaiwe bure katika vituo vya afya. Sababu mtaiona wenyewe mkimtembelea nyumbani yule aliyepewa kopo: maji ni ya kisima, chupa inasuuzwa kwa maji hayo hayo, na unga uliotakiwa umalizike kwa wiki moja unazimuliwa ufike mwisho wa mwezi, wakati maziwa ya kifuani yameshaanza kukauka kwa kutonyonywa. Mfadhili hakukusudia ubaya wowote. Ni kazi yetu kumwandikia kabla hajanunua, si kumshukuru kwanza na kunung'unika baadaye. Mtoto aliyefiwa na mama ana hukumu yake: daktari ataamua, na kopo litatoka kwa jina lake yeye peke yake.

2. Kabla ya kukubali mashine yoyote, muulizeni fundi wa vifaa tiba, kisha muulizeni tena. Umeme wetu ni wa volti 230, na mashine iliyotumika Marekani ni ya volti 110 au 120; ukiichomeka hapa kwa adapta ya dukani utasikia mlio mmoja tu, nao ni wa kuagana. Tangu kebo ya chini ya bahari ilipofika Pemba kutoka Tanga mwaka 2010 tumeondokana na shida ya majenereta ya dizeli, lakini umeme bado hukatika, na kwa hiyo mtungi wa oksijeni wa akiba ukae karibu na meza ya kuhudumia watoto wachanga, ukiwa na ufunguo wake. Nasema ufunguo kwa makusudi. Nimeona mtungi uliojaa ukisimama bila kazi huku ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda harusini Wete.

3. Nauli. Hapa mtanivumilia, kwa kuwa nitakaa kidogo.

Miaka ya nyuma tulipata fedha za wafadhili za kuwasafirisha wajawazito wa kisiwa kidogo kimojawapo kando ya Pemba hadi hospitalini, mashua kwanza na gari baadaye. Nilikuwa nimetoka kozi ya usimamizi wa miradi na kichwa changu kilijaa uwajibikaji. Nikatunga utaratibu: familia italipa nauli yenyewe, itachukua risiti kwa mwenye mashua na kwa dereva, itagongewa muhuri hospitalini, itatiwa saini na sheha, yaani kiongozi wa shehia, na mwisho wa mwezi italeta fomu ofisini ili irejeshewe kila senti. Fomu ilikuwa na nakala tatu. Niliipenda fomu ile, na nadhani hata mkaguzi aliipenda.

Ikapita nusu ya mwaka, na zaidi ya nusu ya fedha ilikuwa bado ipo. Katika ripoti nikaandika kwamba matumizi yalikuwa ya uangalifu. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza, walikuwa wapi wanawake ambao nauli yao haikutumika.

Kisha akashikwa uchungu mama mmoja wa mimba ya tano, jioni, wakati mumewe yuko dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na wavuvi wenzake. Mwenye mashua alikuwa tayari kwenda, lakini mashine ilitaka mafuta na mafuta yalitaka pesa taslimu. Mama mkwe akatoka kwenda kukopa. Nyumba ya kwanza hawakuwa nazo, ya pili mwenyewe alikuwa amesafiri, ya tatu wakampa sehemu, na kwa muuza duka akaweka rehani kanga zake mpya, doti nzima. Watu walikuwa wameshasali Isha zamani mashua ilipoondoka. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, mkono ukitangulia, na walipofika chumba cha upasuaji mfuko wa uzazi ulikuwa umeshachanika. Mama aliokolewa kwa kuondolewa mfuko huo. Mtoto alikuwa amefariki kabla hawajagusa pwani ya pili.

Mwisho wa mwezi yule mama mkwe alikuja ofisini. Alikuja na fomu, nakala zote tatu, imejazwa kila mstari, ina muhuri, ina saini ya sheha, na risiti mbili zimekunjwa ndani ya pindo la kanga. Alikuwa na deni la kulipa, na utaratibu ulikuwa umesema hivyo. Nilimpa pole, nikamwuliza, kwa ujinga ambao hadi leo unanichoma, kwa nini hawakuondoka mapema. Akanitazama bila hasira, akasema: "Mwanangu, ningekuwa na hizo pesa za kutanguliza, ningekungojeni nyinyi kwa lipi?" Nikazihesabu zile fedha juu ya meza, akatia dole gumba, akazifunga penye pindo lile lile, akaniaga vizuri.

Mtakuwa mmeshasomeshwa ucheleweshaji wa aina tatu ambao watafiti Thaddeus na Maine waliueleza mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mimi pia nilisomeshwa, na katika mtihani nilipata alama zote. Kilichonipita ni kwamba ucheleweshaji wa pili unaweza kutengenezwa na mradi wenyewe, kwenye kompyuta, na mtu mwenye nia njema. Fedha ya kurejeshewa humsaidia aliyekwisha kuwa na fedha. Asiyekuwa nazo anabaki na deni la nauli, na siku nyingine na jambo zito kuliko deni.

Tulibadilisha hivi. Mwenye mashua na dereva walilipwa na mradi moja kwa moja, mwisho wa kila mwezi, na wao ndio waliotukopesha sisi, si mama mjamzito. Dumu la mafuta lilikaa kijijini kwa mtu ambaye wanawake wenyewe walimchagua, na wakamchagua muuza samaki mmoja mkali ambaye hata sheha alikuwa hathubutu kumwomba lita moja. Kila safari iliandikwa katika daftari la shule, na mkunga wa zamu leba akatia alama kwamba mgonjwa amefika. Daftari lile lilitosha kwa ukaguzi. Wafadhili walikubali kwa barua moja tu. Masharti niliyokuwa nikiyatetea kwa bidii sikuwa nimewahi kuwauliza kama ni yao.

Kwa hiyo kijana wangu, simu yako ni nzuri, lakini fomu hiyo ifute. Na nyote, mkiona katika ripoti ya robo mwaka kwamba fedha za nauli zimebaki, msizihamishie kwenye posho za semina. Chukueni mashua, nendeni mkaulize nani alijifungulia nyumbani.

4. Kalenda ya ofisi na kalenda ya Pemba ni vitu viwili. Mjue bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kwa sababu kuna vijiji ambavyo wakati maji yamepwa mashua hukwama mbali na mama mwenye uchungu akatembezwa kwenye matope. Mjue kusi inapovuma nani huvuka na nani hukataa. Mjue kwamba msimu wa karafuu mahudhurio ya kliniki hushuka, wala si kwa uvivu, bali kwa kuwa familia nzima imo mashambani inachuma na kuchambua, na siku moja ya kliniki ni pishi kadhaa zilizopotea. Badala ya kuwagombeza, pelekeni mkoba wa chanjo shambani. Katika mpango wa kujifungua, pale panapoulizwa nani ataamua, msiandike "mume" kwa mazoea. Ulizeni mwezi wa nane au wa tisa wa mimba mume atakuwa wapi, na kama atakuwa dago, jina la mwingine liandikwe mbele yake akiwapo, atamke mwenyewe kwamba ameridhia.

5. Mkunga wa jadi na mama mkwe si maadui wa hospitali. Niliwahi kushuhudia nesi kijana akimkaripia mkunga mzee mbele ya wanawake wa mtaa wake kwa kumchelewesha mgonjwa, na alikuwa na haki kwa kila alichokisema. Matokeo yake wanawake wa mtaa ule waliacha kuja kabisa, na ilibidi tutume watu wazima wakaombe radhi. Siku hizi bibi huyo huwaleta mwenyewe, hupewa kiti ndani ya leba na chai, na hukaa upande wa kichwa cha mzazi akimsomea dua wakati mkunga wa zamu anafanya kazi yake. Ziara za baada ya kujifungua nazo zifikirieni kwa namna hiyo: siku ya tatu na siku ya saba zote zimo ndani ya arobaini, mzazi hatoki, basi piga hodi wewe, na mtazame mama kabla ya kumtazama mtoto, kwa maana kila mgeni aliyetangulia amekwisha kumtazama mtoto.

6. Matone ya madini ya chuma. Kila mwaka kuna mwema mmoja anayetaka kutuma katoni za matone ili kila mtoto mdogo wa kijiji agaiwe, na kila mwaka kuna mgeni mmoja kazini anayeona ni wazo zuri, kwani watoto wetu wengi wana upungufu wa damu. Jambo hilo lilipimwa hapa hapa Pemba, kwa maelfu ya watoto wa chini ya miaka mitatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet: wale waliopewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, bila kuchaguliwa nani anapungukiwa na nani hapungukiwi, walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, malaria ikiwa ndiyo iliyoshukiwa kwanza. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa maeneo yenye malaria nyingi. Tangu hapo malaria imepungua sana visiwani na miongozo imeendelea kurekebishwa, lakini anayeamua ni tabibu aliyempima mtoto, si katoni iliyoshushwa bandari ya Mkoani. Inanisikitisha kwamba wanafunzi wa ng'ambo wanaijua habari hii ya Pemba na wa Pemba hatuijui. Kwa mjamzito ni jambo jingine. Vidonge vyake vya kuongeza damu apewe kila hudhurio, na muulizeni kama anavimeza au vimejaa kabatini.

7. Yaliyobaki nayasema mbio. Oksitosini, dawa ya kuzuia mzazi asivuje damu, hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, na friji ikizimika usiku aandikwe aliyeiona, si aliyeizima. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba isiingie trei bila glukonati ya kalsiamu, dawa ya kuizimua ikizidi, pembeni yake. Kabla ya kuomba glavu, ulizeni saizi, maana tumejaliwa glavu za mikono ya majitu. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto, unaoonyesha utapiamlo, mfundisheni mama autumie mwenyewe nyumbani. Chini ya milimita 115 aje siku hiyo hiyo. Picha ya mama aliyetoka kujifungua haipigwi, hata akikubali, kwa sababu wakati ule atakubali chochote. Dawa ya msaada iliyobakiza muda usiofika mwaka mmoja kabla ya kuharibika irudishwe bandarini kwa barua ya heshima.

8. Siku mnayosaini mkataba wa mradi, mwandikieni sheha, mkuu wa kituo na ofisi ya afya ya wilaya tarehe ambayo fedha zitakwisha. Hilo hamlipendi, najua, linaonekana kama kuleta nuksi. Lakini mkunga wa zamu atakayebaki na dumu tupu baada yenu ana haki ya kuijua tarehe hiyo mapema, ili nauli iingizwe kwenye bajeti ya wilaya au kwenye mfuko wa wanawake wa shehia wakati nyinyi bado mpo na gari bado lina mafuta.