Umenunua TV mpya na picha bado haijatakata? Anzia nyuma ya king'amuzi

Wadau habari zenu. Kuna swali naulizwa sana na ndugu na majirani, na kipindi cha sikukuu ndo linazidi maana watu wengi wanavuta TV mpya muda huo: "mbona hii flati yangu picha yake mbaya kuliko hata chogo niliyoitoa?" Na ukienda kuangalia unakuta kweli, mtu kanunua inchi 43 au 50, kioo kizuri tu, kaitundika ukutani vizuri, alafu ukiweka mpira ni kama mnaangalia kupitia chandarua, namba mgongoni kwa wachezaji hazisomeki na nyasi zimekuwa tope la kijani. Mimi siyo mwenye duka wala siuzi chochote, ila TV za watu wangu wa karibu nimezifunga na kuziseti miaka mingi sasa, na nawaambia karibu kila mara TV haina kosa lolote.

Kitu cha kwanza mkielewe hiki, TV haitengenezi picha, inaonyesha ile iliyoletewa. Chaneli ya kawaida ambayo siyo HD (yani siyo ile ya picha kali) inakuja na nukta, vile vitone vidogo vinavyounda picha, 720 kwa upana na 576 kwa urefu, ukizidisha unapata laki nne na kidogo. TV ya Full HD kioo chake kina nukta 1920 kwa 1080, yani zaidi ya milioni mbili, mara tano ya ile picha. Sasa ukiileta picha ya laki nne kwenye kioo cha milioni mbili, TV inabidi ijazie zile nukta zilizopungua kwa kukisia, na ukiwa na 4K ndo balaa maana kioo kina nukta milioni nane na ushee, mara ishirini. Chogo ya inchi 21 ilikuwa ndogo kwaiyo ubovu ulijificha, ukiikuza picha ileile mpaka inchi 50 kila kasoro inatoka nje. Ndo maana mtu anaona kama karudi nyuma wakati katoa laki kadhaa.

Sasa njoo kwenye waya, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo penye tatizo kwenye nyumba nyingi kuliko kitu kingine chochote. Nenda nyuma ya king'amuzi chako uangalie kimeungwa na nini kwenye TV. Kama ni ule waya wa vichwa vitatu, njano nyekundu na nyeupe, basi wewe HD huioni hata kama unalipia kifurushi kikubwa kuliko vyote. Ule wa njano ndo unaopitisha picha (mwekundu na mweupe ni sauti tu) na uwezo wake unaishia kwenye ile picha ya 576, haiwezekani kupitisha zaidi, siyo suala la waya mzima au mbovu wala wa bei gani. Watu wengi wanauhamisha kutoka kwenye TV ya zamani kwasababu umezoeleka na kwasababu picha inatoka, basi anaridhika. Kinachotakiwa ni waya wa HDMI, ule wenye kichwa kimoja kipana bapa kila upande, unapitisha picha na sauti pamoja. Zima vyote viwili, chomeka, washa, alafu kwenye rimoti ya TV bonyeza kitufe cha Source au Input uchague HDMI namba uliyochomeka, 1 au 2. Hii ya mwisho usiidharau, nimeshaitwa usiku mtu anasema TV imekufa kumbe waya uko HDMI 2 na TV imekaa kwenye AV, yani tundu la ule waya wa vichwa vitatu.

Na msidanganywe kwenye bei ya huo waya. Kuna maduka watakuonyesha HDMI iliyosukwa, vichwa vya dhahabu, wanakwambia hii ndo inang'arisha. Kwa urefu wa mita moja na nusu au mbili kutoka king'amuzi mpaka TV, waya wa kawaida ulio mzima unaleta picha ileile sawasawa na ule wa gharama, maana kinachopita ni dijitali, kikifika kimefika. Ukiwa mbovu utaona mwenyewe, picha inakatika au vinatokea vinukta vyeupe vinamemeta. Ubora unaanza kuwa na maana ukitaka kuupitisha ndani ya ukuta mita kumi na kuendelea, hapo nunua mzuri kwasababu kuutoa tena ni kubomoa.

Kama king'amuzi chako hakina tundu la HDMI kabisa, hicho ni cha zamani, chaneli za HD hakiwezi kuzifungua, wahi kwa wakala uulize utaratibu wa kubadilisha. Usinunue vile vibox vya kugeuza AV kuwa HDMI ukidhani utapata HD, kile kinageuza umbo la waya tu, picha inabaki ileile ya laki nne.

Haya umeshaunga HDMI, bado hujamaliza. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi chenyewe, siyo ya TV, tafuta sehemu ya setingi za video au rezolusheni. Nimekuta vingi vimekaa 576 tangu vilipotoka kwenye boksi, au kuna mtoto alichezea, mtu ana HDMI mwaka mzima anaangalia picha ya zamani bila kujua. Weka 1080i au 1080p kama TV yako ni Full HD, na kama ni ndogo ya inchi 32 weka 720p au 1080i ulinganishe kwa macho uchague.

Alafu chaneli yenyewe. Siyo kila chaneli ni HD jamani, hata ukiwa na king'amuzi cha HD, na wakati mwingine chaneli moja iko mara mbili kwenye listi, moja ya kawaida na moja ya HD yenye namba tofauti, mtu kakariri namba ya zamani anaenda nayo hiyohiyo. Azam wana Azam Sports 1 HD ambako Ligi Kuu yetu inaonyeshwa, DStv chaneli zao za SuperSport nyingi ziko HD, ila hakikisha kifurushi chako kinaifungua ile ya HD. Ukitaka kupima kama kila kitu kimekaa sawa tumia mechi ya moja kwa moja kwenye chaneli ya HD, angalia majani ya uwanjani na sura za mashabiki jukwaani. Usipimie kwa bongo muvi ya zamani iliyorekodiwa na kamera za kipindi kile, hiyo hata uifanyeje haitatakata, haina hizo nukta toka mwanzo.

Kuna suala la umbo la picha nalo linaniumiza roho sana. Picha za zamani zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, karibu mraba, TV za sasa ni 16 kwa 9. Watu hawapendi ile mistari myeusi pembeni kwaiyo wanaivuta picha ijae, matokeo yake kila mtu kwenye taarifa ya habari kanenepa. Au wanaweka Zoom, alafu wanalalamika matokeo ya mechi kule kwenye kona hayaonekani, yamekatwa. Weka 16:9, na kama TV yako ina kitu kinaitwa Just Scan au Fit to Screen au Full Pixel (kila kampuni na jina lake) kiwashe, maana bila hicho TV nyingi zinaikuza picha kidogo na kukata kingo, na ukishaikuza hata kidogo ule ukali wa HD unapungua. Kwa picha ya zamani iache na mistari yake myeusi, ndo ilivyotengenezwa.

Na mnapowasha TV mara ya kwanza inauliza iko nyumbani au dukani. Chagua nyumbani. Ile ya dukani inapandisha mwanga na rangi mpaka mwisho ili TV ipambane na taa za duka, sebuleni kwako inachosha macho na nyuso zinakuwa za machungwa. Baada ya hapo toka kwenye Dynamic au Vivid uweke Standard au Movie, na ule ukali wa Sharpness ushushe, watu wengi wanaupandisha wakidhani ndo HD yenyewe kumbe unachora mistari myeupe kuzunguka vitu.

Kwa wenye madishi. Mara nyingi chaneli za kawaida zinaonyesha freshi ila za HD zinagandaganda au zinaandika hakuna mawimbi, mtu anadhani kafungiwa. Hapo fungua menyu ya king'amuzi uangalie mawimbi, kuna mistari miwili, nguvu na ubora, ule wa ubora ndo wa kuuangalia zaidi. Dishi likisogea kidogo tu kwa upepo, baadhi ya chaneli zinaanza kusumbua huku zingine zinaendelea kama kawaida, na mara nyingi za HD ndo zinaanza kwasababu zinabeba mzigo mkubwa. Mwembe wa jirani uliokuwa mdogo wakati fundi anafunga unaweza kuwa umeshafika kwenye njia. Hii naona zaidi kwa dishi la Azam, satelaiti yao iko nyuzi 7 mashariki kwaiyo ukiwa Dar dishi linatazama upande wa magharibi kwa mshazari na mti unaziba kirahisi, wakati ya DStv iko nyuzi 36, karibu na juu ya kichwa chetu huku, miti haisumbui sana. Mvua kubwa nayo itakata, vumilia ipite.

Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, Tanga, Zanzibar, chumvi ya hewa inakula zile koneta za waya kwenye LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Mwambie fundi afungue aangalie kama kuna kutu ya kijani, akate abadilishe koneta na azifunike na kimpira au tepu ya nje vizuri. Ni kazi ndogo sana na nimeona nyumba nyingi wanaambiwa wanunue LNB mpya, hata dishi jipya, wakati tatizo ni koneta iliyooza.

Ambao hamjanunua bado, sikilizeni hapa. Neno HD kwenye boksi halitoshi. TV nyingi za inchi 32 zinazouzwa mjini ni HD ya 1366 kwa 768, siyo Full HD, na kwa inchi 32 chumbani hiyo inatosha kabisa, sina neno nayo. Shida ni pale unapouziwa inchi 43 yenye stika ya 4K alafu kumbe maana yake inapokea video ya 4K ila kioo chenyewe ni kidogo. Chukua namba ya modeli nyuma ya TV, itafute kwenye simu palepale dukani, angalia imeandikwa kioo kina nukta ngapi, 1920 kwa 1080 au 3840 kwa 2160. Nenda na flashi yako yenye video kali, waambie wachomeke, wasikuwekee ile demo yao ya maua na samaki maana ile kila TV inapendeza. Na kama unategemea antena angalia kama imeandikwa T2 (DVB-T2, mfumo wa kupokea chaneli za dijitali kwa antena), siyo T peke yake, ukiwa nayo chaneli za bure ambazo hazijafungwa unazipata bila king'amuzi.

Kwa upande wa intaneti ni kufungua pochi tu. Netflix wenyewe wanasema uwe na spidi ya 5 Mbps kwa Full HD na 15 kwa 4K, na HD inakula mpaka GB 3 kwa saa moja, 4K mpaka 7. Sasa piga hesabu na bando lako la simu, muvi ya saa mbili imeondoka na GB 6. Kwa hotspoti ya simu mimi ningekaa na 720 kwenye YouTube, kwa kioo cha inchi 32 tofauti yake ni ndogo mno. Na vile vibox vya Android vya bei poa visivyothibitishwa, Netflix inavipa picha ya chini hata kama nje pameandikwa 4K kubwa, kama TV yako ni smart na ina app yake tumia hiyo.

La mwisho ni kwa mnaowanunulia wazazi. Mzee anayeangalia taarifa ya habari ya saa mbili na ibada ya Jumapili hahitaji inchi 55 ya 4K, mpelekee 32 nzuri na TV guard ya maana kwasababu ya umeme kupanda na kushuka, hela inayobaki ilipe kifurushi cha miezi kadhaa mbele. Ukimfungia HDMI, kata kipande cha tepu nyeupe, andika namba ya HDMI ubandike nyuma ya rimoti, na mfundishe mjukuu anayekaa nae kitufe cha Source kiko wapi, usimfundishe bibi peke yake kwa simu ukiwa Dar maana mtamaliza vocha zote mbili na TV bado imeandika No Signal.