Kubadili chakula ukiwa bado mzima

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna maana ya kubadili chakula ukiwa na miaka 35 na huumwi popote, kwa sababu tu baba yako alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa na 58. Maana ipo, tena kubwa. Utando wa mafuta huanza kujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu mapema, hata ujanani, na huendelea kimyakimya kwa miaka mingi. Siku kifua kinapobana, uharibifu ni wa zamani.

Kinachoulisha utando huo ni kolesteroli mbaya, ile ya LDL. Mafuta yanayoganda, kama siagi, samli na ya nyama nono, huipandisha. Ila hapa wengi hukosea: ukiyapunguza halafu ukajaza pengo kwa mkate mweupe na soda, hujapata faida. Weka badala yake mafuta ya mimea yasiyoganda, karanga, samaki na maharage. Nyuzinyuzi za maharage husaidia kuitoa kolesteroli mwilini.

Chumvi nayo, Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai, ukihesabu na ile iliyomo tayari kwenye mkate na vyakula vya makopo. Hiyo ndiyo hutuponyoka.

Kwa historia ya baba yako, tafadhali usingoje dalili. Kapime kolesteroli na shinikizo la damu mwezi huu, na umweleze daktari yaliyompata mzee.