Kabla ya Kurudi Windows, Jua Kitufe Chako Kinakwamia Wapi

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Baada ya kunipa shikamoo alieleza kwamba amenunua kompyuta mpakato ya mtumba, ameiweka Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, na kila kitu kinakwenda vizuri isipokuwa vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga wa skrini, ambavyo kila akivibonyeza picha ya jua inatokea, mstari wake unapanda na kushuka, lakini mwanga wenyewe haubadiliki. Wenzake wa hosteli wamemshauri arudi Windows kabla ya mitihani. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, ila jibu fupi halikuniridhisha, kwa kuwa tatizo lake ni lile lile lililonipata mimi, na maneno niliyoambiwa wakati huo hayajanitoka moyoni hadi leo.

Kazi yangu ni kuandaa taarifa za hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa. Vikao vyetu hufanyika nje, chini ya mti, na yeyote aliyewahi kufungua kompyuta saa saba mchana katika jua la Dodoma anajua kwamba skrini isiyofikia mwanga wake wa juu ni sawa na kioo cha kujitazamia. Usiku mambo hugeuka: katika nyumba ya wageni ambako umeme umekatika, unataka mwanga ushuke kabisa ili betri ikufikishe mwisho wa jedwali. Mashine yangu ilikataa yote mawili. Ilibaki katika mwanga wa katikati, ikiniumiza macho mchana na kuninyonyea betri usiku.

Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliitazama kidogo, kisha akamgeukia mdogo wangu wa kiume niliyefuatana naye, ambaye hajui hata jina la mfumo endeshi anaoutumia, akamwambia, "Mwambie dada aachane na hii Linux, ni ya watu wa maabara. Nimwekee Windows, shilingi elfu ishirini tu." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Elfu ishirini haikunitisha. Kilichoniuma ni kwamba hakuuliza hata swali moja kuhusu kitufe chenyewe, wala hakukibonyeza. Niliichukua kompyuta yangu nikaondoka, na naandika makala hii katika kompyuta hiyo hiyo, kwa mfumo ule ule, na mwanga ukipanda na kushuka kama ninavyotaka.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, nao ndio nitakaourudia hadi uchoke: usibadilishe chochote kabla hujajua habari ya kitufe chako inafika wapi. Watu wengi hudhani kwamba kitufe kisichofanya kazi ni kibodi mbovu au ni Linux isiyokitambua. Ukweli ni kwamba kitufe cha Fn, kile unachokishikilia ukibonyeza vitufe vya juu, katika kompyuta nyingi hakionekani kabisa na mfumo endeshi, kwa sababu hushughulikiwa na kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya mashine. Kidhibiti hicho ndicho huamua: habari ipite njia ya kawaida ya kibodi kama herufi nyingine, au ipite katika ACPI, yaani utaratibu wa pamoja ambao mashine na mfumo endeshi huzungumzia umeme na vifaa, au katika njia ya mtengenezaji iitwayo WMI. Ndiyo maana keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ina moduli (vipande vya programu) za mashine za aina mbalimbali, kama vile thinkpad_acpi, ideapad_laptop, hp_wmi, dell_wmi na asus_nb_wmi, kila moja ikisikiliza lugha ya mtengenezaji wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusikiliza. Sakinisha kifurushi cha libinput-tools, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sudo libinput debug-events --show-keycodes, ambapo sudo huipa amri haki za msimamizi, kisha bonyeza kitufe chako. Ukiona KEY_BRIGHTNESSUP au KEY_BRIGHTNESSDOWN, kibodi haina kosa, habari imefika salama, na kuendelea kuhangaika na vitufe ni kubadilisha kamba ya ndoo wakati kisima chenyewe kimekauka. Hali yangu ilikuwa hiyo, na kwa maelezo ya yule kijana, ninaamini hali yake ni hiyo pia: ile picha ya jua inayotokea kwenye skrini ni ushahidi kwamba amri imepokelewa, na kwamba aliyeshindwa kuitekeleza yuko mbele zaidi.

Huyo aliye mbele utamkuta katika folda ya /sys/class/backlight. Nilipoifungua ya kwangu nilikuta jina moja tu, acpi_video0, yaani keneli ilikuwa ikiomba mwanga ubadilishwe na programu ya msingi ya mashine, ambayo ilikubali kila namba iliyopewa bila kufanya lolote. Kadi yangu ya picha ni ya Intel, na njia iliyofaa ilikuwa intel_backlight, inayozungumza na kadi yenyewe moja kwa moja. Keneli huchagua kati ya njia hizi kwa kukisia, na ingawa utaratibu wa uchaguzi huo ulipangwa upya katika toleo la 6.1 la Desemba 2022, bado zipo mashine ambazo makisio hayo hayazipati.

Dawa yake ni neno moja linaloongezwa wakati wa kuwasha: acpi_backlight=native. Usiliandike kwenye faili mara moja. Washa kompyuta, ingia kwenye menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo endeshi, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza neno hilo mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Mabadiliko ya namna hii hudumu kwa kuwasha huko tu. Yasipokufaa, zima na uwashe tena, yatakuwa yamepotea. Mwanga ukitii, ndipo ufungue /etc/default/grub kwa haki za msimamizi, uliongeze ndani ya alama za nukuu baada ya quiet splash, uhifadhi, na uendeshe sudo update-grub. Neno native likishindwa, jaribu vendor au video mahali pake, moja baada ya jingine na kamwe si yote kwa pamoja.

Hapa naomba niseme na vijana wenzangu wa programu huria bila kupepesa macho. Tunapenda kujisifu kwamba mfumo wetu uko wazi, kwamba Linus Torvalds aliutoa mwaka 1991 na tangu hapo yeyote anaweza kuusoma, lakini likitokea tatizo dogo tunanakili amri tano kutoka kwa mtu tusiyemjua, zenye sudo mbele, tunazibandika zote kwa mkupuo na kuomba Mungu. Tofauti yetu na yule fundi iko wapi? Yeye hakuuliza kitufe kinakwamia wapi, na sisi hatuulizi. Ukipata nafuu kwa njia hiyo hutajua ni amri ipi iliyokuponya, na toleo jipya likija na kuivuruga utaanza upya kama mgeni.

Mwanga ulipokaa sawa nilibakiwa na kitufe cha kunyamazisha kipaza sauti, na hicho kilikuwa na ugonjwa tofauti kabisa. Nilipokibonyeza, libinput haikuonyesha chochote. Lakini sudo dmesg, amri ya kusoma kumbukumbu za keneli, ilinionyesha ujumbe wa keneli usemao Unknown key pressed, ukifuatwa na msimbo 0x81. Maana yake habari ilifika kwa njia ya kibodi, ila haikuwa na jina. Kuipa jina ni kazi ya mistari miwili. Unatengeneza faili /etc/udev/hwdb.d/90-vitufe.hwdb; mstari wa kwanza unataja kibodi, evdev:atkbd:dmi:*, na wa pili, ambao ni lazima uanze na nafasi moja, unasema KEYBOARD_KEY_81=f20. Halafu unaendesha sudo systemd-hwdb update, na baada yake sudo udevadm trigger.

Mtu makini atauliza kwa nini f20 badala ya micmute. Katika keneli, namba ya kitufe cha micmute ni 248, na mfumo wa picha wa X huongeza 8 juu ya kila namba, lakini hauwezi kuona kitu kinachozidi 255. Kwa hiyo 256 huangukia nje kwa nafasi moja tu, na f20 imekuwa ikitumika kama mlango wa nyuma. Kitufe cha kuzima kiguso (touchpad) nacho hupitishwa kwa f21 kwa sababu ya aina hiyo hiyo. Ikiwa kitufe chako kinafanya kazi mara moja kisha kinaonekana kung'ang'ania, huenda mashine haitoi taarifa ya kukiachia, na alama ya mshangao mbele ya jina, yaani =!f20, humaliza jambo hilo.

Kama dmesg na libinput zote ziko kimya, angalia kwanza mpangilio wa BIOS, yaani ile programu ya msingi ya mashine, kwani baadhi ya mashine hukuachia uchague vitufe vya juu viwe F1 hadi F12 au viwe vya kazi maalumu, na katika nyingi Fn pamoja na Esc hufunga au kufungua chaguo hilo. Hili ni la dakika moja, sitalirefusha.

Mistari yako ikishafanya kazi, usiifungie ndani. Jedwali kubwa la vitufe linatunzwa na mradi wa systemd, unaotengeneza programu za msingi za kuendesha Linux, katika faili liitwalo 60-keyboard.hwdb, nalo hupokea nyongeza kutoka kwa watumiaji wa kawaida. Badilisha ile nyota iliyo baada ya dmi kwa kampuni na aina ya mashine yako, ambavyo utavisoma katika /sys/class/dmi/id/sys_vendor na /sys/class/dmi/id/product_name, kisha uitume. Mimi nilituma yangu, wageni wawili wakanisahihisha herufi bila dharau yoyote, na ikapokelewa. Atakayeweka Linux katika mashine kama yangu, awe Mpwapwa au Helsinki, atakuta kitufe hicho kinafanya kazi tangu siku ya kwanza.