Maswali ya Wasomaji: Pawa Saplai za Mifumo ya Kufuatilia Mitambo

Ndugu wataalamu, raki yetu (fremu yenye kadi za kielektroniki) ya kufuatilia mtetemo wa kompresa ina pawa saplai mbili. Ya juu imezimika, ya chini bado inafanya kazi. Msimamizi anasema tusiiguse hadi mashine isimame kwa matengenezo. Je, haibadilishiki mashine ikiwa kazini?

Inabadilishika, mradi raki yenu iwe imeundwa kwa ajili hiyo. Someni kitabu chake kwanza. Raki ya namna hiyo hupewa mbili ili kila moja iweze kuibeba yote peke yake. Hata hivyo msimamizi wenu ana haki ya kuwa na hofu, kwa sababu mmebakiwa na moja tu na mkono ukiteleza kidogo raki nzima itazimika.

Kabla hamjashika bisibisi, jiulizeni: raki ikikosa umeme kabisa, mashine itafanya nini? Kama rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) za kuzimia mashine zinashikiliwa na umeme muda wote, umeme ukikatika zitaachia na kompresa itasimama papo hapo. Kama hupata umeme pale tu hatari inapotokea, mashine itaendelea kuzunguka bila ulinzi, na beringi ikianza kufa hakuna cha kuisimamisha. Hali hii ya pili inatutia wasiwasi zaidi. Inaweza kudumu siku nyingi bila mtu kujua, isipokuwa rilei ya afya ya raki imeunganishwa na kengele kwenye chumba cha udhibiti. Rilei hiyo hushikiliwa na umeme kila wakati, hivyo raki ikifa inaachia na kengele inalia. Tafadhali kagueni kama nyaya zake zimefungwa kweli; si ajabu kuzikuta zikining'inia tangu siku ya ufungaji.

Mkishapata kibali, wekeni rilei za kuzimia kwenye baipasi, yaani kwa muda zisiweze kuisimamisha mashine, na mtu mmoja asimame kwenye mashine akipima mtetemo kwa kifaa cha mkononi. Kisha pimeni umeme unaoingia kwenye moduli iliyozimika, yaani ile pawa saplai ya juu. Fyuzi iliyoungua au breka iliyojikata huwafanya wengi watupe moduli nzima bure. Umeme ukiwa unafika na taa bado haiwaki, zimeni breka ya moduli hiyo peke yake, hakikisheni kwa multimita kwamba umeme umekatika, vaeni mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, ndipo mlegeze skrubu na kuivuta nje kwa unyoofu.

Someni lebo ya moduli mpya kabla ya kuiingiza. Moduli za AC ya volti 110, za AC ya volti 230 na za DC huweza kufanana kabisa kwa umbo. Ya 110 ikikutana na 230 inaungua mara moja.

Taa ya kijani ikishawaka msifunge kazi. Inaonyesha tu kwamba volti zipo, haisemi kama moduli itahimili mzigo wote. Baipasi ikiwa bado imewekwa, zimeni breka ya moduli ya chini, ile ya zamani iliyobaki, kwa dakika chache, mpime volti za sensa wakati mpya inabeba raki peke yake. Kisha geuzeni zamu, na mwisho washeni zote mbili. Moduli iliyochoka huonekana hapo: ikiwa na mwenzake inawaka vizuri, ikiachwa peke yake volti zinaporomoka.

Pawa saplai zote mbili zimefungwa kwenye UPS moja (kifaa chenye betri kinachotoa umeme wa akiba). Kuna ubaya?

Upo, mkubwa. UPS hiyo ikifa, raki inakosa zote mbili kwa pamoja. Mojawapo ichukue umeme kutoka chanzo kingine, na kila moja iwe na breka yake yenye lebo.

Sensa zote nne za kadi moja zinaonyesha hitilafu kwa wakati mmoja, lakini taa ya pawa saplai ni ya kijani. Nianzie wapi?

Sensa nne haziharibiki kwa dakika moja. Tafuta kitu zinachotumia pamoja, yaani laini ya kuzilisha umeme. Sensa za ukaribu zinazotazama shafti hulishwa volti hasi 24, na hapo ndipo fundi aliyezoea chanya 24 za PLC (kompyuta ya kuendeshea mitambo) hugeuza nyaya. Pima kwenye kisanduku cha sensa, kati ya laini ya umeme na ile ya pamoja. Ukikuta karibu -24, umeme unafika. Ikiwa ni -5 au sifuri, huenda kuna shoti na saplai inajilinda. Chomoa sensa moja baada ya nyingine huku ukitazama mita. Volti zikirudi, kebo uliyochomoa mwisho ndiyo yenye kasoro. Kagua hasa inapopita kwenye kingo za chuma au palipoingia mafuta.

Umeme ukiwa mzuri, pima laini ya mawimbi, yaani ile inayobeba kipimo cha sensa. Kwa sensa ya kawaida ya volti 7.87 kwa milimita, iliyowekwa karibu milimita 1.27 kutoka kwenye shafti, utarajie takriban volti -10.

Tuna moduli ya akiba iliyokaa stoo miaka mingi. Tuiamini?

Msiiamini kabla ya kuijaribu. Kapasita za elektrolaiti (vipuri vya kuhifadhi chaji ndani ya moduli) hudhoofika hata zikikaa bila kazi, kwa kuwa utando wa oksidi ndani yake huharibika taratibu. Iwasheni mezani mara moja kwa mwaka kwa saa kadhaa, mkiipa mzigo, na mwandike tarehe kwenye boksi. Kwa zilizo kazini adui ni joto: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua huongeza maisha ya kapasita mara mbili. Kwa hiyo safisheni vichujio vya feni za kabati. Na mkipima volti za DC, geuzeni multimita kwenye AC pia. Mabaki ya AC yakizidi kiwango cha kitabu cha mtengenezaji, au yakipanda kila mnapopima, agizeni moduli mpya sasa, wakati hii bado inawaka.