Mfamasia Anajibu: Figo Mpya, Dawa za TB na Balungi la Tukuyu

Wiki hii maswali yamejaa dawa za kushusha kinga ya mwili, kama takrolimasi na prednisoloni.

Nimepandikizwa figo, natumia takrolimasi. Nimegundulika na TB na nimeanzishiwa dawa. Hazitagongana? (Chunya)

Zinagongana, tena vibaya, ila usiache hata moja. Rifampisini iliyomo kwenye vidonge vya TB hulifanya ini livunje takrolimasi haraka mno. Ndani ya siku chache kiwango chake kwenye damu kinaporomoka, na mwili unaweza kuanza kuikataa figo ilhali vidonge unameza bila kukosa. Wapigie kliniki ya figo leo hii. Wataongeza dozi na kukupima damu mara kwa mara, au watabadilisha rifampisini wakupe rifabutini. Wengi husahau kipindi cha kumaliza dawa za TB. Ini hurudi kwenye kasi yake taratibu, kama wiki mbili hivi, na ile dozi iliyoongezwa inakuwa kubwa kupita kiasi: mikono inatetemeka, kichwa kinauma, figo inaumia. Tarehe ya kuipunguza ipangeni mapema.

Kliniki yangu iko Dodoma. Asubuhi ya kupimwa nimeze dawa kwanza? (Uyole)

Hapana. Kwa anayemeza mara mbili kwa siku, damu hutolewa baada ya muda wa saa 12 hivi kupita tangu dozi ya jioni, kabla ya ile ya asubuhi. Ukimeza stendi halafu ukatolewa damu saa nne, majibu yatasoma juu na daktari anaweza kukupunguzia dozi bure. Vidonge vikae mfukoni, si kwenye begi lililo kwenye buti ya basi. Ukishatolewa damu, meza.

Shikamoo. Prednisoloni ya lupasi (ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe) imenivimbisha uso, majirani wananiuliza. Niache? (Makambako)

Marahaba mwanangu. Usikate ghafla: unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka ukaanguka. Daktari akiishusha kidogo kidogo, uso nao utapungua. Majirani waache waulize. Wewe pima sukari na presha.

Natumia takrolimasi, shambani Tukuyu nina mabalungi na maparachichi. Nile? (Rungwe)

Balungi hapana, hata juisi yake, maana hupandisha takrolimasi kwenye damu. Parachichi halina shida hiyo, lakini lina potasiamu nyingi, na takrolimasi nayo huipandisha. Kama vipimo vilionyesha potasiamu iko juu, punguza maparachichi.

Na diklofenaki ya mgongo, baada ya kuvuna viazi? (huyohuyo)

Usinunue, wala ibuprofeni. Zote zinaumiza figo. Meza parasetamo kwa kipimo, na dukani taja takrolimasi kabla hujataja mgongo.