Harusi ya rafiki iko mbali, na mtoto bado ananyonya

"Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa miezi 5, ananyonya ziwa tu, na chupa ameikataa kila tulipojaribu. Rafiki yangu wa tangu shule anafunga ndoa baada ya wiki 6 katika mji mwingine, mwendo wa saa 7 kwa gari, na ameniomba niwe mpambe wake. Mume wangu anasema mtoto tumwache kwa mama mkwe kwa siku 2. Mama mkwe anasema mtoto huyu si wa kuachwa wala wa kusafirishwa, nibaki nyumbani. Rafiki yangu naye ameniandikia kwamba nikikataa atajua nimemsahau tangu nizae. Silali kwa mawazo. Nifanye nini? Ni mimi, Mama wa Miezi Mitano."

Marahaba, mwanangu. Nenda, na mtoto nenda naye. Ila kazi ya upambe wa kutwa nzima usiikubali. Kinachowaliza kina mama kwenye harusi za mbali kwa kawaida si safari yenyewe. Ni kupewa kazi mbili kwa saa zilezile: bibi harusi anakuhitaji afungwe gauni, na mtoto anahitaji ziwa, na wote wawili hawawezi kusubiri.

Tuanze na shauri la mumeo, kwa kuwa ndilo linaloonekana rahisi. Mtoto wa umri huo hunywa takriban mililita 600 hadi 900 kwa siku. Kwa siku 2 ungehitaji kuacha kati ya lita 1.2 na lita 1.8. Kuyapata maziwa hayo kunawezekana: ukikamua mililita 60 kila asubuhi baada ya kumnyonyesha na kugandisha, wiki 6 zinatosha. Tatizo ni kwamba mtoto asiyetaka chupa hatalainika kwa sababu friza imejaa, na usiku wa kwanza bila wewe si wakati wa kumfundisha. Wewe nawe ungelazimika kukamua kila baada ya saa 3 au 4, hata katikati ya sherehe. Ukiacha, matiti yanajaa hadi kuwa magumu, yanavuja kwenye nguo, na titi linaweza kuvimba na kukuletea homa. Mwambie mumeo hesabu hii kwa utulivu. Wanaume wengi hawaijui, na wakiielewa hubadili mawazo bila ugomvi.

Mama mkwe anaogopa safari, na hofu yake ina msingi. Mtoto huumia njiani kwa mambo matatu: kukaa amefungwa kitini muda mrefu mno, joto, na kutolewa kitini gari likiwa linatembea. Yote matatu yako mikononi mwenu. Kiti chake kiwe cha nyuma ya gari, akiwa ameuelekea mgongo wa kiti, na kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana ukifunguka unakipiga kiti chake moja kwa moja. Mikanda iwe imembana kiasi kwamba huwezi kukunja utepe wake kwa vidole ukiushika begani. Nguo nene zivuliwe kabla ya kumfunga; akisikia baridi mfunike juu ya mikanda. Jua likimpiga, ziba dirisha, wala usitupe khanga juu ya kiti, kwani hewa iliyo ndani hupata joto upesi na humwoni.

Kila baada ya saa 2 mnasimama, na mtoto anatolewa kabisa kitini: ananyonya, anabadilishwa, analazwa chali ajinyooshe kwa dakika 20 au 30. Hivyo saa zako 7 zinakuwa 9. Msipange kufika mchana wa siku ya harusi. Msipange hata jioni ya kuamkia harusi, ikiwa kazi zinawaruhusu. Fikeni siku 2 kabla, kwa sababu usiku wa kwanza ugenini mtoto huamka mara nyingi kuliko kawaida, na usiku huo ukiangukia kuamkia harusi, utasimama kwenye picha ukiwa umepata usingizi wa saa 2 tu. Akilia kitini gari likitembea, usimtoe wala usimwinamie umnyonyeshe akiwa amefungwa. Simamisheni mahali salama kwanza, hata kama mmesimama dakika 10 zilizopita.

Sasa jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelitaja. Mtoto mtakayesafiri naye siye huyu uliyemshika leo. Baada ya wiki 6 atakuwa na miezi 6 na nusu. Atakuwa ameanza chakula kiasi wiki 2 hivi, pengine anabingirika pande zote mbili, na huenda ameanza kuwaogopa wageni, hali inayoanza kwa watoto wengi kati ya miezi 6 na 9. Kwa hiyo mambo matatu yabadilike katika mipango yenu. Kitanda kirefu cha watu wazima hakimfai kumwacha peke yake, hata ukimzungushia mito. Anabingirika akaanguka, au uso unazama kwenye mto. Chakula cha safarini kiwe kile alichokwisha kukizoea nyumbani, kwani kipya kikimharisha au kumtoa vipele, utakuwa mbali na kliniki yake. Na asikabidhiwe mtu asiyemjua dakika uliyoanza kupangwa kwenye mstari wa kuingia.

Hapo ndipo unapohitaji mtu wa tatu. Mumeo ni mwalikwa, na watu watamvuta huku na huku. Anaweza kushika zamu, lakini tafuta mtu ambaye kazi yake siku hiyo ni mtoto tu: mdogo wako, binamu, au huyo mama mkwe mwenyewe. Ningeanza kwa kumwomba yeye. Anayeogopa kumwona mjukuu akisafiri hutulia sana akiwa ameketi kando yake garini. Yeyote utakayemchagua, aanze wiki hii kuja mara 2 kwa wiki, ambadilishe, amlaze, abaki naye saa moja wewe ukiwa nje ya nyumba.

Katika saa hiyohiyo, achaneni na chupa na mjaribu kikombe kidogo kisicho na mfuniko. Watoto wengi wanaoikataa chupa hupokea kikombe. Mtoto akae wima mapajani, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye midomo, naye atayalamba mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa. Lengo ni mililita 50 hadi 100, za kumvusha pengo la saa 2 au 3. Maziwa uliyokamua hukaa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, na mahali penye joto zaidi yahesabie muda mfupi kuliko huo. Ndani ya mfuko wa ubaridi wenye vipande vya barafu hukaa hadi saa 24. Alichobakiza kikombeni kimwagwe ndani ya saa 2, kwa kuwa mate yake yameshaingia.

Gauni lisikusahaulishe. Mshonaji akiambiwa mapema anaweza kuweka zipu mbili zilizofichwa kwenye mshono wa kifuani, au kulifungua mbele kwa vifungo. Zipu ya mgongoni inamaanisha unavua gauni zima kila unaponyonyesha, na huna muda huo. Kitambaa cheupe au cha satini hutangaza kila tone la maziwa. Chenye maua au rangi ya giza hakionyeshi. Vaa vitambaa vya kunyonya maziwa ndani ya sidiria na uwe na jozi 3 za akiba. Kabla ya kusafiri, livae gauni nyumbani, ukae, umnyonyeshe ndani yake. Kasoro utaigundua siku hiyo, na mshonaji bado yupo karibu.

Ukumbini, angalieni spika ziko wapi kabla ya kukubali meza. Tundu la sikio la mtoto ni dogo na sauti kubwa humwathiri upesi. Mkiwa mnalazimika kupaza sauti ili msikizane na aliye umbali wa mkono, hapo si mahali pake, hata akiwa amelala fofofo; usingizi hauzuii sauti kufika sikioni. Viziba sauti vya watoto vinavyofunika sikio lote vinasaidia kwa muda mfupi. Pamba haisaidii, na inaweza kuingia ndani. Muziki ukianza kwa nguvu, msaidizi ampeleke chumbani, hivyo chukueni chumba cha karibu, ambacho unaweza kukifikia kwa miguu ndani ya dakika 5. Kama hakuna kitanda cha mtoto chenye godoro gumu linaloenea bila mianya pembeni, bebeni kitanda cha kukunja. Alazwe chali, bila mto wala blanketi zito. Shuka yake ya nyumbani ije bila kufuliwa, aisikie harufu anayoijua.

Watu watataka kumbeba na kumbusu. Mikono ioshwe, na busu za usoni zikataliwe bila aibu. Mwenye mafua au kidonda cha homa mdomoni asimkaribie kabisa, maana kirusi cha kidonda hicho kinaweza kumwangusha vibaya mtoto mchanga. Na atatokea mtu wa kushauri apewe dawa ya mafua ili alale safarini. Kataa. Dawa hizo zinaweza kuvuruga pumzi ya mtoto, na kwa wengine humfanya asilale kabisa.

Mizigo ni fupi kuiandika: nepi 8 kwa siku na 6 za akiba, nguo 3 za kubadilisha ndani ya mfuko ulio miguuni mwako wala si kwenye buti la gari, blauzi moja yako mwenyewe, kipimajoto, na kadi yake ya kliniki. Hakikisha chanjo zake za sasa amezipata siku kadhaa kabla ya kuondoka, ili homa ndogo inayofuata sindano iishie nyumbani.

Limebaki la rafiki yako. Maneno yake yanauma, na nadhani yameandikwa na mtu anayeogopa kukupoteza. Usimjibu kwa maelezo marefu ya jinsi ulivyochoka. Mpe saa zako. Mwandikie hivi: "Nitakuja, na nitakuwa kando yako kuanzia unapovaa gauni mpaka mnapotoka kufunga ndoa, na tena wakati wa hotuba. Katikati ya hapo nitakuwa nanyonyesha. Naomba mpambe wa pili wa kushika shughuli za asubuhi na za usiku." Mapambo ya asubuhi huchukua saa nyingi za kukaa tu, na hazihitaji mtu anayenyonyesha. Picha za baada ya ndoa ndizo hatari yako: huambiwa ni nusu saa, zikaisha baada ya saa 2. Mwombe mpiga picha aanze na kundi lenye wewe ndani, kisha uondoke.

Ujumbe huo utume leo, si wiki ya mwisho, ili apate muda wa kumtafuta huyo wa pili na kumshonea nguo. Na mkubaliane mapema kwamba mtoto akiamka siku ya safari akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, anatapika kila anachonyonya, au anapumua kwa shida, mpambe wa pili atashika nafasi yako yote, nawe utampeleka hospitali.