Shati Lenye Sabuni

Msomaji wetu, fundi wa kudarizi wa Tanga, anauliza Kiswahili cha uzi wa pamba uliochovywa katika kostiki soda ili ung'ae, kwa sababu bunda analolinunua limebandikwa karatasi isemayo "uzi wa pamba yenye kemikali", na wateja wake wameanza kuuogopa.

Asili ya jina la kigeni, "mercerised", nitaipita upesi: ni John Mercer wa Lancashire, Uingereza, aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kazi hiyo mwaka 1850, ingawa mng'ao wenyewe ulikuja 1890, Horace Lowe alipoikaza pamba isinywee ikiwa ndani ya dawa.

Kinachonichoma ni hilo "-enye", ambalo hueleza kilichomo sasa hivi, kama katika chai yenye tangawizi. Shati lililofuliwa kwa sabuni si shati lenye sabuni! Shati lenye sabuni ni la yule aliyekatikiwa maji bombani kabla ya kulisuuza, akalianika hivyo hivyo, akalivaa kwenda kazini, na alipotoka jasho ndani ya daladala likaanza kutoa povu kwapani, abiria wakampisha kiti ambacho hakukiomba. Uzi wa fundi wetu haumo katika aibu hiyo, kwani ukishatolewa kwenye kostiki huoshwa, mabaki yakazimuliwa kwa asidi hafifu, kisha ukaoshwa tena. Kilichobadilika ni umbo: ufumwele, yaani unyuzi mmoja wa pamba, uliokuwa bapa na kujisokota kama utepe huvimba ukawa mviringo, ukaakisi mwanga vizuri na kunywa rangi zaidi.

Wale nao wanaojisifia pamba "isiyo na kemikali", kana kwamba kemikali ni jina jingine la sumu, waniwie radhi: pamba yenyewe ni selulosi, dutu inayojenga mimea, na selulosi ni kemikali, sawa na maji waliyokuwa wakinywa walipoandika tangazo lao.

Basi fundi aseme "uzi wa pamba uliomerserishwa". Nakiri kwamba kitenzi hiki hukwama kooni kama mwiba wa changu, hivyo asiyekiweza na aandike "uliong'arishwa kwa kostiki", nami nitanyamaza. Lakini huyo jirani aliyemshauri aandike "uzi wa pamba uliopambwa", akidhani maneno hayo ni ndugu, ilhali pamba ya shambani ilitujia kutoka Kiajemi na kupamba ni kitenzi chetu cha Kibantu, nitamjibu siku hasira zikinipungua.